Wosia Uliofutwafutwa

Kila asubuhi Kinyozi alifungua duka, akafagia, akafuta kioo. Kisha akatafuta wa kugombana naye. Mara nyingi alikuwa binti yake wa mwisho, Kitindamimba, kwa sababu ndiye aliyefanya kazi naye.

"Mashine hii haina mafuta," alisema asubuhi moja, huku akimnyoa mteja.

"Niliitia jana, baba."

"Unanijibu? Leo nakutoa kwenye wosia!"

Akavuta droo, akatoa karatasi na kalamu. Wosia huo aliuandika kabla Kitindamimba hajazaliwa. Jina la binti aliliongeza pembeni baadaye. Akikasirika, analifuta. Akipoa, analirudisha. Hata kaka mkubwa wa Kitindamimba aliwahi kufutwa kwa kuchelewa kupiga simu.

Siku zote Kitindamimba hucheka. Safari hii hakucheka.

"Baba, saluni ya ng'ambo ya barabara wananitaka. Wanangoja jibu leo. Nikibaki hapa, duka hili litakuwa langu, au nasugua tu sakafu ya watu?"

Kinyozi akazima mashine. Mteja aliyekuwa kitini alikuwa Wakili, mama mwenye ofisi mtaa wa pili. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umenyolewa. Upande wa pili bado.

"Wakili, mwambie huyu mtoto. Siwezi kubadilisha wosia wangu nipendavyo?"

"Unaweza. Lakini nimalizie kichwa kwanza."

"Sheria kwanza, kichwa baadaye."

Wakili akajitazama kwenye kioo, akaguna. "Haya, lete hiyo karatasi."

Akasoma. "Duka umempa mdogo wako."

"Ameshafariki, Mungu amrehemu."

"Na huku kufutafuta, nani alishuhudia?"

"Kalamu yangu."

"Kalamu haiapi mahakamani, mzee. Bila mashahidi, mabadiliko haya hayahesabiki. Ukifa leo, utasomwa wosia wa zamani. Duka limeandikiwa marehemu, na binti yako hamo."

"Hamo? Juzi tu nilimrudisha!"

"Ulimrudisha kwenye karatasi. Kwenye sheria hajawahi kuingia."

Kinyozi akakaa chini. Wakati huo Mama, mke wa Kinyozi, aliingia na chai.

"Na friji umempa mwanao mkubwa," Wakili akaendelea.

"Friji ipi?" Mama akaweka chai chini. "Ile niliyonunua mimi? Baba wee, unagawa jasho langu nami ningali hai?"

"Mtu hurithisha kilicho chake tu," alisema Wakili, na Mama akamshukuru kwa kikombe cha kwanza.

"Sasa nifanyeje?" Kinyozi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usitie viraka, andika upya. Sema wazi kwamba wosia huu unafuta ule wa zamani. Weka tarehe. Tia sahihi mbele ya mashahidi wawili, wakiwa pamoja, nao watie sahihi. Wasiwe warithi. Uweke mahali salama, na umwambie unayemwamini ulipo. Akizaliwa mtoto, akifa mrithi, ukioa au ukiachana, ukipata mali au ukiuza, utazame tena. Sheria za nchi na za dini hutofautiana, kwa hiyo uliza wakili au ofisi ya msaada wa sheria kwanza."

"Na nikikasirika?"

"Kunywa maji. Sasa nimalizie kichwa, watu wananichungulia dirishani."

Mchana huohuo walikwenda ofisini kwa Wakili. Mashahidi walikuwa fundi saa na muuza magazeti. Kiwanja chake Kinyozi alimwandikia kaka mkubwa, duka akamwandikia Kitindamimba. Friji haikutajwa kabisa.

Kaka mkubwa alipopigiwa simu alisema, "Afadhali! Mimi nikiona wembe tu nasikia kizunguzungu."

Kitindamimba akavuka barabara, akawaambia watu wa saluni, "Asanteni, nina duka." Aliporudi alimkuta baba yake kwenye kiti cha wateja, taulo shingoni.

"Ninyoe ndevu."

"Mimi? Wewe hujinyoa mwenyewe siku zote."

"Mwenye duka lazima nimjue mkono wake."

Akampaka povu. Akafungua wembe, akauweka taratibu chini ya kidevu. Kinyozi akafumbua jicho moja.

"Mwanangu," alisema bila kutikisa mdomo, "wosia umeshatiwa sahihi, kweli. Lakini usiwe na haraka."