Kamusi na Kopo Jipya

Kila siku baada ya shule, msichana mmoja alipitia saluni ya mama yake, akaweka mkoba kando ya sinki na kufagia nywele zilizoanguka sakafuni. Wateja walimwita Kamusi. Walimpa jina hilo kwa sababu alisoma Kiingereza kwa sauti, mfululizo, bila kukwama. Hakuna aliyewahi kumuuliza maana ya alichokisoma, naye hakuona haja ya kuwaambia kwamba nusu yake hakuielewa.

Siku moja, dawa ya kulainisha nywele waliyoizoea ilikosekana madukani. Mama alinunua kopo la aina nyingine, lenye maelekezo ya Kiingereza tu. Mteja wa siku hiyo, mke wa fundi saa, alikuwa tayari kitini, taulo mabegani.

"Kamusi, hebu tusomee," mama alisema huku akivaa glavu.

Alisoma maandishi yote ya kopo, tangu juu hadi chini.

"Loo! Utadhani redio!" mke wa fundi saa alicheka.

"Sasa inasemaje?" mama akauliza. "Inakaa kichwani muda gani?"

Msichana aliyatazama tena maandishi. Angesemaje kwamba hajui, mbele ya mtu aliyemsifu dakika hiyo hiyo? Aibu hiyo hakuiweza.

"Nusu saa," alijibu, kwa sababu dawa ya zamani ilikaa nusu saa.

Mama akaanza kupaka. Msichana alishika ufagio, macho yake kwenye saa ya ukutani. Dakika ya nane, mteja alijisogeza kitini.

"Mama Kamusi, dawa yako inawasha."

"Vumilia kidogo, dada." Mama alimgeukia binti yake. "Umeyaelewa maandishi vizuri, sivyo?"

Aliitikia kwa kichwa. Aliiogopa dawa, alimwogopa mama, na zaidi ya yote aliogopa kuitwa mwongo. Alifagia mahali pale pale mara tatu.

Dakika ya kumi na moja, mke wa fundi saa alikamata mikono ya kiti kwa nguvu, machozi yakamtoka. "Jamani, inaunguza!"

"Mama, mwoshe!" msichana alipiga kelele. "Mwoshe sasa hivi! Sikuelewa kitu. Nilibahatisha!"

Mama alimwinamisha mteja kwenye sinki na kufungulia maji. "Kimbia, mwite muuza dawa wa famasi ya ng'ambo!"

Msichana alivuka barabara mbio, kopo mkononi. Muuza dawa alikuja, akasoma maandishi kimya, kisha akakikagua kichwa cha mteja. Nyuma ya sikio palikuwa na wekundu wa upana wa kifungo cha shati.

"Isizidi dakika kumi, na ikiwasha ioshwe papo hapo," alisema. "Ingekaa nusu saa, nywele zingebaki kwenye taulo, na ngozi pia."

Msichana alilia akiomba msamaha. Mke wa fundi saa alimshika mkono. "Nimeungua kidogo, mwanangu. Ungeendelea kunyamaza, ningeungua sana. Lakini wiki ijayo nasukwa bure!"

Mama alivua glavu polepole.

"Na mimi nimekosa," alisema. "Nilisikia sauti nzuri nikadhani ni elimu. Lakini wewe ulijua kwamba hujui, ukaniambia unajua. Kichwa cha mtu si cha kubahatisha. Hebu niambie, 'sijui' kwa Kiingereza husemwaje?"

"I don't know," alinong'ona.

"Hayo unayaelewa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi yatumie kila yanapohitajika. Ukishasema hivyo, ndipo mtu anaweza kukufundisha."

Muuza dawa alivuta kiti, akaliweka kopo mezani na kugusa neno la kwanza kwa kidole. "Haya, hili maana yake nini?"

Msichana alilitazama neno hilo, kisha akamtazama mama yake.

"Sijui," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akavuta pumzi vizuri.