Mzee Vifungo na Kibao Chake

Saa ya kuona wagonjwa, ukumbi wa hospitali ulifurika watu. Afisa uhusiano, dada wa gauni la njano na visigino virefu, alikuwa akirudi kinyumenyume huku anabishana kwenye simu, akamkanyaga kijana aliyebeba kitu kizito ndani ya blanketi.

"Samahani, kaka. Mgonjwa wako anaelekea wodi gani?"

"Hili ni jiwe, dada. Mgonjwa ni kidole changu."

Dada alicheka hadi akamsahau mtu wa kwenye simu. Kijana alikuwa fundi wa kuchonga vibao vya mawe, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na siku ile alileta kibao cha chumba cha upasuaji. Walipeana namba kwa ajili ya kazi. Kazi iliisha, simu hazikuisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi. Nakungoja wewe uniletee chakula."

"Mimi si mama yako."

"Ndiyo maana nakuita mpenzi."

Baadaye hospitali ikapata wodi mpya ya watoto, iliyojengwa na tajiri mmoja mstaafu. Watu walimwita Mzee Vifungo kwa sababu utajiri wake wote ulitokana na kuuza vifungo vya nguo. Dada akampigia fundi kuagiza kibao: wodi hii ni zawadi ya mheshimiwa fulani. Mashine ilikuwa inanguruma. Fundi akajibu, "Sawa, roho yangu," akachonga alichodhani amesikia.

Siku ya uzinduzi kibao kilifika kimefunikwa, kikafungwa ukutani vivyo hivyo, kwani dada alikuwa anahangaika na viti. Mzee Vifungo, ndani ya suti ya kijivu, akavuta kitambaa, akavaa miwani, akasoma kwenye kipaza sauti: "Wodi hii ni zawadi ya marehemu..."

Akavua miwani. Akamgeukia mkewe. "Mama watoto, nimekufa lini?"

"Sina habari. Mjane ni mimi, ningeambiwa kwanza."

Mgeni mmoja wa nyuma, aliyeshika neno "marehemu" tu, akasimama na kuinamisha kichwa. Safu nzima ikamfuata.

Jioni dada alipiga simu ya mwisho. "Umenizika kazini."

"Nilisikia marehemu, mpenzi."

"Ulisikia mashine yako. Mimi ulinisikia lini?"

Akakata. Tangu hapo fundi akipiga, simu inaita mpaka inachoka. Naye dada hakuwa na raha: mkurugenzi alimtaka ajieleze, na maelezo yasipomridhisha, atafute kazi kwingine.

Asubuhi ya kujieleza, dada alifika mlangoni kwa mkurugenzi akasikia sauti anayoijua. Fundi alikuwa ndani, amevaa koti lake la pekee, amesimama ingawa amekaribishwa kiti.

"Kosa ni langu, mkurugenzi. Alisema vizuri. Mimi sikusikia, nikaona haya kuuliza. Jiwe jipya nitachonga kwa gharama yangu. Yeye mwacheni."

Mzee Vifungo, aliyekuwa pembeni na kikombe cha chai, akakohoa. "Mkurugenzi, mwache binti afanye kazi. Habari za kufa kwangu zilienea mjini, na wanangu wote watatu wamekuja nyumbani mbio. Tangu mwaka jana walikuwa wananiambia wametingwa. Ningejua, ningekufa mapema."

Mkurugenzi alicheka bila kutaka, na mtu aliyecheka hafukuzi mtu.

Nje kwenye korido, dada alimdaka fundi kwa mkono wa koti. "Hujaniambia kama unakuja. Na siku ile kwa nini hukuniambia nirudie?"

"Ulikuwa unaongea kwa furaha. Niliogopa kukukatiza."

"Uliogopa! Mimi wiki nzima silali, nimekonda, nguo hazinikai, mama ananiuliza kila saa yule kijana wa mawe yuko wapi, nimjibu nini, na wewe..."

"Nakukatiza, mpenzi. Nataka kumtuma mjomba wangu kwenu."

Nesi akapita na kitoroli cha dawa, wakabanana ukutani kumpisha, na nesi alipokwisha kupita hawakuachana.

"Jumamosi," dada akasema. "Aje mapema. Mama akisubirishwa, anaongeza masharti."