Jiwe la Kapteni Juu ya Munene

Nimesema sitaki kusimulia habari ya Mbogo, na bado mmekaa hapo mnanikodolea macho kama kuku wanaongoja mahindi. Haya. Anayetaka kulia akalie kwao.

Kilianza kikapu. Mbogo alikuwa akichuma majani chai pale Kibugu asubuhi ya ukungu, kikapu hakijafika nusu, akasikia kamba inamkata paji la uso kana kwamba amebeba jiwe la kusagia. Akakitua. Nyuma yake, kati ya chai, mtu mwingine naye akatua mzigo: puu! Kisha akakohoa. Mbogo akageuka. Hakuna mtu. Ila harufu ya magunia yaliyolowa, na jasho la homa.

Alijua ni nini. Akajifanya hajui.

Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuja mzungu, Bi. Harriet, mgonjwa mgonjwa hivi, akitafuta kaburi la babu wa mama yake: kapteni wa vita vya Mjerumani, aliyepewa shamba kule Kiirua, akafia msituni upande huu wa Embu. Alizunguka na picha mpaka viatu vikaisha. Mbogo akamwonea huruma, au alijionea huruma mwenyewe, akampeleka kwenye mawe yaliyo mwisho wa shamba lake.

"Ni hapa, madam. Babu yangu ndiye alimzika."

Yule mama akapiga magoti, akalia. Akaweka jiwe lenye jina la Kapteni. Akamwachia Mbogo ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, mwenye mimba.

Na mawe yale yalikuwa ya Munene, ndugu ya babu yake Mbogo. Munene alichukuliwa vita hivyo hivyo kubeba masanduku ya maafisa, akarudi mifupa na kikohozi. Siku hizo kijana akifa alipelekwa msituni kwa fisi. Ndugu yake akakataa, akamchimbia mwenyewe. Munene hakuacha mtoto, wala hakuna aliyewahi kupewa jina lake.

"Baba," Karimi, mke wa Kinyua, mwana wa pekee wa Mbogo, alinong'ona jikoni, mkono juu ya tumbo lake kubwa. "Kuna mtu anatua kitu nyuma ya ukuta. Akitua, mtoto anaacha kucheza."

"Ni ng'ombe."

"Ng'ombe gani anakohoa hivyo, Baba?"

Jioni hiyo, Mbogo akimkatia ng'ombe majani, puu ikasikika nyuma ya banda, kisha hatua zikaanza kuja polepole, hatua za mtu aliyeinama, zikazunguka banda, zikapita dirisha la jikoni, na ile harufu ikitangulia mbele yake, mpaka zikasimama mlangoni pa Karimi, na pumzi ya mtu aliyechoka ikapanda na kushuka pale bila kugonga na bila kuondoka, hadi Karimi akapiga kelele kwamba amebebeshwa kitu, wamwondolee, mtoto anakufa.

Wakamwita Hared, muuza vitambaa wa Runyenjes anayewasomea dua watu wenye majini. Alisoma, akafunga kitabu.

"Mzee, jini ningelitoa. Huyu ni mtu wenu. Mmemfanya nini?"

"Muulize huyu aliyemuuza!" alisema Kajuju, mama yake Mbogo, kutoka kwenye kiti chake. "Munene umemwita kapteni? Jina la yule aliyembebesha?"

"Mama, nilidhani amesahaulika."

"Na nani? Mimi si niko hapa?"

"Anataka nini?" Mbogo aliuliza.

Mama alitazama tumbo la Karimi.

Mbogo akampigia Bi. Harriet, akamwambia yote. Yule mama akauliza tu: "Kwa hivyo nilimlilia nani?" Ng'ombe akarudishwa. Jiwe likang'olewa. Puu haikukoma.

Mtoto alizaliwa kimya, wa kiume. Kwao, mvulana wa kwanza huchukua jina la babu yake, na babu huyo akifa anabaki nyumbani kwa jina hilo. Mbogo alikuwa amengoja jina hilo tangu Kinyua aoe. Nesi aliyeitwa nyumbani akamgeuza mtoto, akampiga mgongoni. Kimya. Dirishani, pumzi ile.

"Baba?" Kinyua alisema.

Mbogo akashika ukuta.

"Mwiteni Munene."

Mtoto akalia. Nje, hatua zikaondoka, nyepesi, za mtu asiye na mzigo.

Karimi hakushika mimba tena. Jioni Munene akiitwa chakula anakuja mbio, na Mbogo anainua kichwa kana kwamba ameitwa yeye, kisha anakiinamisha. Siku atakayokufa Mbogo, bila mtoto wa jina lake, atakuwa ameisha.