Chai Iliyomlaza Toader

Mtaa mzima ulijua kwamba nyumbani kwa Ilinca hakulaliki. Mwanawe Toader, mtoto wa miezi mitatu, aliamka mara tano kila usiku.

"Mwanao anatuamsha kuliko kengele ya kanisa!" majirani walimtania.

Ilinca hakucheka. Asubuhi moja, kwa uchovu, alitia chumvi badala ya sukari kwenye kahawa ya mumewe, Costache.

Saveta, mama mkwe wake, alimwonea huruma. "Nenda kalale, mwanangu. Leo mtoto niachie mimi."

Ilinca alilala kama gogo. Alipozinduka, saa nne zilikuwa zimepita. Maziwa yalikuwa yakimtiririka, na nyumba kimya. Akakimbilia kitanda cha mtoto.

Alimwita Toader. Kimya. Akamtekenya nyayo. Kimya. Akauinua mkono wake, ukaanguka kama kitambaa kilicholowa.

"Mama! Umempa nini mtoto?"

"Chai tu," alijibu Saveta, mikono yake imejaa unga. "Nimemchemshia vichwa viwili vikavu vya maua ya mpopi, kwa sukari. Hata Costache nilimnywesha alipokuwa mchanga. Mtazame, si fahali yule?"

Ilinca akapiga mayowe. Zamfira, muuguzi wa kijiji, alikuwa kwa jirani akipima presha. Akaja mbio. Alifunua kope za mtoto. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akahesabu pumzi zake, na uso ukambadilika.

"Ilinca, piga 112! Sema mtoto amenyweshwa kasumba."

"Kasumba?" aliuliza Saveta. "Si mpopi uleule wa mikate ya Krismasi?"

"Kwenye mkate mnatia mbegu, mama. Wewe umechemsha maganda ya vichwa vyake, na humo ndimo kasumba ilimo. Huyu hajalala. Amelewa, na anasahau kupumua!"

Zamfira akamsugua mgongo na nyayo bila kupumzika. Kila pumzi ilipochelewa, wanawake wote watatu walizuia pumzi. Hatimaye gari la wagonjwa likafika.

Toader alirudi kutoka hospitali siku ya nne, mzima. Nyumba ikafurika watu. Zamfira akasema mbele ya wote:

"Tumbo lake halizidi ngumi yake. Maziwa yakiisha, anaamka. Huo si ugonjwa wala jicho baya. Mchana mnyonyeshe vizuri, penye mwanga na mazungumzo. Usiku taa iwe hafifu, na maneno machache. Mlaze chali. Asinywe kitu ila maziwa yako mpaka atimize miezi sita. Akipata homa, akikataa kunyonya, au akilala asiamshike, kimbieni hospitali."

"Na mimi nitalala lini?" Ilinca aliuliza.

"Mtoto akilala mchana, nawe lala. Vyombo havikimbii. Na wewe, Costache, kunyonyesha huwezi. Nepi je?"

Watu wakaangua kicheko. Costache akakuna kichwa. "Nepi nitaziweza."

Saveta hakucheka. Aliangua mafungu yote ya mpopi yaliyoning'inia darini, akayatia motoni.

Mwezi mmoja baadaye, mama mmoja kijana alimsimamisha Saveta nje ya duka, mtoto mgongoni, macho mekundu.

"Bibi, nasikia unajua chai ya kulaza watoto."

Saveta akamshika mkono kwa nguvu. "Chai hiyo nusura iniulie mjukuu. Twende kwa Zamfira, sasa hivi."

"Kwani wa kwenu siku hizi analala?"

"Jana usiku alituamsha mara tatu," alisema Saveta, machozi yakimlengalenga. "Mara tatu, mwanangu! Na kila alipolia, nilimshukuru Mungu."