Kifaa Bado Kinatumika

Jua lilikuwa linazama upande wa bandari ya Iloilo Herminia alipoingia chumbani kuchukua diski. Duka la Nonong la kuchapisha picha lilikuwa ng'ambo ya barabara, na lilikuwa karibu kufungwa. Alitaka picha moja tu ya mumewe, Crisanto, kubwa, ya kuweka juu ya meza ya sala. Arobaini ya Crisanto ilikuwa jioni hiyo.

Crisanto alikuwa fundi wa injini melini. Alianguka baharini wakati wa dhoruba, hakupatikana. Lililorudi nyumbani ni begi lake. Ndani yake mlikuwa na nguo, rozari, na diski ya nje, nyeusi, ndogo kama pakiti ya sigara, yenye video alizokuwa akijirekodi kwa ajili ya mkewe. Kaburi hakuna. Kilichobaki ni diski hiyo.

Diski ilikuwa bado imechomekwa kwenye kompyuta. Herminia alibofya alama ya kuondoa kifaa kwa usalama.

*Kifaa bado kinatumika. Funga programu zote, kisha ujaribu tena.*

Alifunga picha. Alifunga video. Skrini ikabaki tupu. Akajaribu tena.

*Kifaa bado kinatumika.*

Taa ya diski ilikuwa inapepesa upesi upesi, kama inavyofanya kitu kinaposomwa.

Siku nyingine angevuta waya tu. Ndivyo alivyofanya tangu msiba uanze. Mama Salud, mama mkwe wake, alikuwa ametoa amri: mpaka arobaini ipite, marehemu haitwi jina na sauti yake haichezwi, apate njia ya kwenda. Herminia alishindwa. Kila jioni alifunga mlango, akavaa spika za masikioni, akamsikiliza mumewe akimsimulia habari za melini. Akisikia ndala za Mama Salud ukumbini, alichomoa. Crisanto alikatika katikati ya neno.

Video zikaanza kuharibika. Kwanza picha ilimegeka miraba ya kijani. Kisha sauti ikawa na mapengo. Jana ile aliyoipenda kuliko zote ilikataa kufunguka. Ndiyo maana leo hakuthubutu kuvuta. Akimpoteza humu, amempoteza moja kwa moja.

Alimpigia Nonong simu.

Nonong alikuja amevaa kaptula, funguo za duka mkononi. Alisoma na Crisanto tangu utotoni.

"Umeacha karaoke inapiga humo ndani, shemeji?" alisema. "Nimeona tambi huko nje. Nikimaliza nataka sahani yangu, na nyama iwe juu. Msinipe ile ya watoto."

"Toa kwanza diski, ndipo uongee habari za tumbo lako."

Alikaa. Akafungua orodha ya programu zote zinazofanya kazi, akaipitia kwa kidole. Akaipitia tena.

"Hakuna kinachoishika," alisema. "Lakini inasomwa. Unaiona taa?"

"Sasa?"

"Sasa tunazima mashine nzima. Ikizimika, diski inaachiwa. Huo ndio mwisho wa ubishi."

Akabonyeza.

*Mtu mwingine bado anatumia kompyuta hii. Ukizima sasa, anaweza kupoteza kazi ambayo hajaihifadhi. Zima hata hivyo?*

Nonong hakutania tena.

"Shemeji, nani mwingine anaingia humu?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Nywila ninayo mimi peke yangu."

Harufu iliwafikia wote wawili kwa pamoja. Dizeli. Na maji ya chumvi yaliyokaa muda mrefu mahali pasipo hewa.

Halafu, kwenye spika za masikioni zilizolala mezani, kitu kikakwaruza.

Herminia alizivaa.

"Mina..."

Ni Crisanto tu aliyemwita hivyo. Skrini ilikuwa tupu. Hakuna video iliyofunguliwa.

"Mina... kila ukinikata... kipande kinabaki huko kwenu... Siwezi kwenda na... na..."

Pengo.

"...nusu."

Alizivua. Nonong alimtazama usoni.

Mama Salud aliingia na mshumaa.

"Watu wanasubiri picha, nyie mmejifungia! Sala inaisha. Mlango uko wazi kwa ajili yake, jua linaondoka. Mwacheni mwanangu aende zake."

"Hawezi kwenda, mama."

"Hawezi vipi?"

"Nilikuwa namsikiliza. Kila jioni. Ukija, namkata." Herminia alianza kulia. "Nimemkatakata, mama."

Mama Salud aliitazama kompyuta. Aliweka mshumaa chini.

"Nilikukataza."

"Najua."

"Zima."

"Nikizima atapotea. Imeandikwa hapo."

"Na akibaki hapa atakuwa nani? Zima, binti yangu. Mimi nimemzaa, nakwambia zima."

Nonong alisogea ukutani. "Inasubiri jibu," alinong'ona. "Ndiyo au hapana. Bonyeza mmoja wenu, mimi sibonyezi."

Herminia aliweka kidole juu ya *ndiyo*.

Waya wa spika za masikioni ulichomoka kwenye kompyuta. Hakuna aliyeugusa.

"Mama?"

Sauti ilijaa chumba.

"Mama... nasikia baridi."

Mkono wa Mama Salud ulimdaka Herminia kwenye kiwiko.

"Usibonyeze."

"Mama, umesema..."

"Usibonyeze!"

Huko nje jua lilikuwa limekwisha. Majirani, wakidhani shughuli imekamilika, walifunga mlango wa mbele. Wakafunga na madirisha, moja baada ya jingine, kama desturi inavyotaka marehemu akishatoka.

Nonong aliondoka bila kula.

Kompyuta haijazimwa tangu jioni ile. Umeme wa mtaa ukikatika na betri ikiisha, skrini huwa nyeusi, lakini taa ya diski haizimiki. Nonong aliitwa tena kuitazama. Alisimama mlangoni, akasema hajui, akarudi dukani kwake.

Mwanzoni sauti iliwajibu. Iliuliza habari za nyumbani. Baadaye ikasahau jina la Mina. Ikaanza kumwita Mama Salud "mke wangu". Siku moja iliulizia watu ambao hakuna aliyewahi kuwajua katika nyumba ile, ikacheka, na kicheko hakikuwa cha Crisanto. Herminia alimtazama mama mkwe wake. Mama Salud alikuwa anatabasamu, machozi yakimtoka.

Hakuna anayezungumza tena juu ya kuizima.

Maneno yamekwisha sasa. Imebaki pumzi. Jioni wanakaa kitandani bega kwa bega, wanaisikiliza ikivutwa ndani... ikivutwa ndani...

Haijatolewa nje hata mara moja.