Kamba Katikati ya Maharage

Kila asubuhi kabla ya shule, Cherehani alipalilia shamba pamoja na mama yake na mjomba wake. Jina hilo alipachikwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Nyumbani kwao mdomo huo ulikuwa na kazi, maana mama na mjomba hawakusemezana, na kila neno lilipitia kwake.

"Mwambie mjomba wako asinitupie magugu yake!" mama alifoka.

"Mwambie mama yako atazame maharage yake yalivyopiga manjano," mjomba alijibu. Alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo.

Kati yao ilipita kamba iliyogawa shamba. Mjomba alitumia mbolea ya chumvichumvi ya dukani. Mama alipaka mbegu zake mbolea hai, unga mweusi wenye vijidudu vinavyolisha mizizi ya maharage. Waliapiana kwamba atakayeshindwa atamwachia mwenzake shamba zima. Sasa mama alikuwa anaumbuka, kwani ni mistari yake miwili tu, karibu na kamba, iliyostawi.

"Hiyo inaiba mbolea yangu," mjomba alisema kwa dharau. "Bibi shamba akija kuamua Jumamosi, kamba naing'oa."

Cherehani aliinama, akapalilia haraka mbali na ile mistari miwili.

Jumamosi mtaalamu wa kilimo, ambaye wote walimwita bibi shamba, hakupata hata nafasi ya kusalimia.

"Unga ulionishauri ninunue ni majivu matupu!" mama alimkaripia, huku mjomba akidai ile mistari miwili inaiba mbolea yake.

Bibi shamba aling'oa mche wa manjano. Mizizi yake ilikuwa mitupu. Kisha aling'oa mwingine kutoka ile mistari miwili. Mizizi ilijaa vinundu, na alipopasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa na rangi ya waridi.

"Mistari hii haikuiba kitu. Hapa vijidudu vinafanya kazi, na kule vilikufa. Nani alipanda?"

Cherehani alitazama kamba. Akinyamaza, mama angepoteza shamba.

"Mimi," alisema huku akilia. "Nilipanda mistari miwili, wenzangu wakaniita tukacheze. Mbegu nyingine nikaziacha juani mpaka alasiri, ndipo nikazipanda."

"Na mimi nilikwambia uziweke kivulini, jua linaua vijidudu!" mama alipiga kelele. Mjomba aliangua kicheko.

"Wewe usicheke," bibi shamba alimkatiza, akiokota bonge la udongo wa mjomba, gumu kama tofali. "Miaka yote unaupa chumvichumvi tu, samadi huupi. Utachoka huu." Kisha akamgeukia mama. "Maharage yako bado yanaweza kupona. Yanahitaji konzi chache za mbolea ya dukani sasa hivi. Msimu ujao mbegu zipakwe upya."

Mbolea ya dukani ilikuwa kwa mjomba. Mama alimgeukia Cherehani.

"Mwambie mjomba wako..." alianza, kisha akaacha. Akamtazama kaka yake usoni. "Nipe mbolea kidogo."

Mjomba alinuna. "Njoo uchukue. Lakini kamba inabaki."

"Ibaki!"

Mama alimkabidhi Cherehani ndoo. Hasira ilikuwa bado haijamtoka.

"Kukosea ulikosea, na utapalilia upande huu mpaka mavuno. Lakini ungeniambia siku ile ile, tungepanda upya kesho yake. Kunyamaza kwako ndiko kulikotuharibia wiki tano. Siku nyingine ukiharibu kazi, sema kabla jua halijazama."