Jina Alilokataa Kulitaja

Jumamosi hiyo Muhumba, mtaa wetu wa Bukavu, ilikuwa na mambo yake ya kila Jumamosi. Kwaya ilifanya mazoezi, mtu alipiga pasi ya mkaa barazani, na mvua ilikuwa imesimama juu ya ziwa ikisita kuingia mjini. Emmanuella, jirani yetu mwenye chumba cha kusafishia sauti za zamani nyuma ya nyumba ya shangazi yake, alifuta meza, akapima umbali kati ya maikrofoni na kiti, akaupima tena. Ndivyo alivyo. Hata akiwa na furaha, mikono yake hutafuta kitu cha kunyoosha. Siku hiyo hakuwa na furaha.

Alikuwa akimngoja mzee Adalbert.

Kampuni moja ndogo ya ng'ambo, inayotoa upya santuri adimu za reggae, ilikuwa imeivumbua santuri iliyorekodiwa mtaa wa Kadutu mwanzoni mwa miaka ya themanini. Upande wa kwanza, msichana anaimba kwa Kiswahili cha Bukavu juu ya besi nzito. Upande wa pili ni dub: wimbo ule ule, ila fundi ameiondoa sauti ya mwimbaji, akaacha ngoma na besi. Hapa na pale neno moja linatupwa ndani ya mwangwi, linajirudia, linapotea. Kwenye karatasi ya katikati palikuwa na jina moja tu, la Adalbert, mwenye studio. Kampuni ilitaka santuri mpya iseme ukweli, nani alitunga na nani aliimba. Ikampa Emmanuella kazi ya kusafisha kanda na kurekodi ushuhuda wa mzee.

Kampuni haikujua kwamba mwimbaji alikuwa mama yake.

Domitille alikuwa msichana wa miaka kumi na minane alipouimba wimbo wake mwenyewe katika studio ya Adalbert. Santuri ilipotoka, aliuliza mbele ya watu kwa nini jina lake halipo. Haukupita muda, mtaa mzima ukawa unanong'ona kwamba Domitille ni mulozi, yaani mchawi, kwamba sauti ile aliipata kwa kula watoto. Aliyeanza kunong'ona ni Adalbert. Watu walikuja na petroli. Alitoka motoni hai, shingo imeungua, akakimbilia Kamanyola. Huko aliolewa, akazaa, akauza mchele, na hakuimba tena, hata kumbembeleza mtoto. Mwaka jana, alipokuwa akikata roho, alimvuta binti yake karibu. "Ataje jina yangu," alinong'ona. "Yeye mwenyewe. Na kinywa yake."

Adalbert alifika na fimbo na viatu vya kung'aa, akamsalimu kwa Kifaransa kama binti yake.

"Bonjour, ma fille. Kumbe studio yenu iko kama kabati!"

"Iko kadogo, papa. Ikaa."

"Unatoka wapi weye?"

"Kamanyola, papa."

"Ah, Kamanyola! Tomati na joto." Akacheka peke yake.

Emmanuella aliwasha kurekodi, akamchezea upande wa kwanza kutoka kwenye kompyuta. Sauti ya mama yake, ile ambayo hakuwahi kuisikia kabla ya kazi hii, ikajaa chumbani. Alikaza meno.

"Nani anaimba, papa?"

"Wimbo iko yangu. Mimi njo nilitunga, mimi njo nililipa wapiga gita."

"Lakini ile sauti ni ya mwanamuke."

"Mutoto moja wa mu avenue. Bale batoto balikuwa bengi. Jina yake nilisahau."

Hakusahau. Emmanuella alikiona kidole chake kikipapasa shingo yake mwenyewe, pale pale mama yake alipoungua.

"Jaribu, papa. Njo kitu moja tu natafuta."

Mzee aliinamia maikrofoni. "Ma fille, ule alikuwa mulozi. Jina ya mulozi haitajwe mu nyumba ya watu."

Mvua ikaanza. Emmanuella alikuwa amepanga kujitambulisha hapo, kumtukana, kumfukuza. Badala yake mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye upande wa pili.

Besi ikaingia. Maji kwenye glasi yakatetemeka. Mzee akatabasamu, maana kazi yake aliipenda.

"Sikiliza hapa," alisema. "Hapa njo nilimutoa—"

Neno likakatika. Kipande chake kikabaki hewani. Toa, toa, toa. Kikazama chini ya besi.

Emmanuella alikagua waya. Alibadilisha maikrofoni. Mstari wa sauti ya mzee kwenye skrini ulikuwa umelala bapa. Akavua vipokea sauti masikioni ili amsikie kwa masikio matupu.

Mzee alikuwa akiongea. Midomo ilikwenda. Hakuna kitu.

Alikohoa. Kifua kiliruka, na hakuna kikohozi. Alipiga meza kwa fimbo, na mlio wa fimbo ulisikika vizuri kabisa. Kila kitu chumbani kilikuwa na sauti isipokuwa yeye.

Akaonyesha kompyuta kwa kidole. Zima. Zima!

Emmanuella aliweka kidole kwenye kitufe. Kukibonyeza kulikuwa rahisi. Akainama mpaka sikioni mwa mzee.

"Mimi ni mutoto ya Domitille," alinong'ona. "Sema jina yake, nitazima."

Macho ya mzee yakatoka. Alipanua kinywa. Akalitaja. Emmanuella aliisoma midomo yake, jina zima, bila kosa. Akalitaja tena. Mishipa ya shingo ikavimba. Hakuna.

"Sisikie, papa," alisema.

Akaongeza sauti ya muziki.

Wimbo uliisha wenyewe. Mtoto wa mzee, Jacques, alimchukua kwa gari. Madaktari walimulika koo lake na kulikuta zima. Hadi leo anakaa barazani kwake bila hata mlio wa kupumua. Alipopelekewa karatasi inayokiri kwamba wimbo ni wa Domitille, aliitia sahihi haraka, kama mtu anayelipa ili atolewe mahali alipofungiwa.

Emmanuella aliutuma wimbo kwa kampuni baada ya kuukagua kipande kwa kipande. Upande wa pili haukuwa na sauti ya mtu ila yale maneno machache ya mama yake.

Santuri mpya zilipomfikia, jina la mama yake lilikuwa katikati, kwa herufi kubwa. Akageuza, akaweka sindano upande wa pili. Ngoma, besi. Halafu, mbali sana, sauti ya mwanamume aliyoijua.

"Domitille."

Mwangwi.

"Domitille."

Alirudi kwenye nakala yake ya kompyuta. Haikuwa na kitu. Kampuni iliisifu sauti hiyo, ikidhani ni ubunifu wake, na yeye hakusahihisha. Usiku huo alilala fofofo.

Wanunuzi wakaanza kuandika. Mmoja wa Lyon alisema mwanzoni yule mwanamume aliita kwa mbali, sasa anaita karibu na sindano, na analia. Alidhani santuri yake imeharibika.

Emmanuella alimjibu kwamba santuri haibadiliki ikishachapwa. Bado alikuwa hajaweka simu mezani ulipoingia ujumbe mwingine, wa mwanamke asiyemjua, kutoka nchi nyingine. Aliuliza, kwa adabu sana, kama ni kawaida kwamba nyuma ya besi sasa unasikika moto, na yule mwanamume anaomba maji.